Picha Chini ya Dhahabu

Katika kanisa kuu la Hereford, magharibi mwa Uingereza, kuna maktaba ambayo vitabu vyake hadi leo vimefungwa kwa minyororo, kwenye makabati ya mwaka 1611. Atakayesimama mbele ya makabati hayo hataona mgongo wa kitabu hata kimoja. Vitabu vimesimamishwa migongo ikielekea ndani, na kingo za kurasa ndizo zinazomtazama msomaji. Si kwamba mpangaji alikosea. Mnyororo umetiwa kwenye jalada, upande unaofunguka. Msomaji alikivuta kitabu, akakilaza juu ya meza iliyo chini ya rafu, akakifungua papo hapo bila kukizungusha na bila mnyororo kujisokota. Nchini Hispania, katika maktaba ya Escorial iliyoanzishwa na Mfalme Philip wa Pili, hakuna minyororo, lakini vitabu vimepangwa vivyo hivyo: rafu nzima humeta dhahabu iliyopakwa kwenye kingo, na mgongo ndio uliofichwa. Mtu wa leo huuona mpango huo kuwa wa kinyume. Kwa wasomi wengi wa Ulaya wa karne ya 15 na ya 16, ukingo ndio uliokuwa uso wa kitabu. Mgongo ulikuwa mahali pa nyuzi na gundi, kama upande wa chini wa zulia, na hakuna aliyeona haja ya kuupamba kwa ajili ya wageni.

Naanza na makabati kwa makusudi. Sanaa ya kuchora picha kwenye kingo za vitabu husimuliwa kwa kawaida kama hadithi ya werevu na siri: kitabu kikifungwa unaona dhahabu tupu, kurasa zikilazwa mshazari linajitokeza jumba, daraja au mto wenye mashua, kisha kurasa zikirudi mahali pake picha inatoweka. Wasimulizi huvutiwa na kutoweka huko hata wakasahau kuuliza kwa nini mtu aichore picha nzuri kisha aifiche. Jibu, kwa maoni yangu, halimo katika kichwa cha mchoraji. Limo katika namna kitabu kilivyokaa mbele ya watu. Ukingo ulipokuwa unaonekana, ulichorwa waziwazi. Kitabu kilipogeuzwa, picha ilijificha. Na kitabu kilipotoka rafuni na kuwa bidhaa ya mezani kwa muuzaji, picha ilirudi kwa wingi, safari hii ikiwa chambo cha mnunuzi. Kila badiliko la pahala pa kitabu lilizaa aina yake ya picha.

Ushahidi wa kwanza uko Belluno, kaskazini mwa Italia, katika familia ya Pillone. Odorico Pillone alikuwa mwanasheria aliyekusanya vitabu katika karne ya 16: maandishi ya mababa wa Kanisa, waandishi wa Kigiriki na Kirumi, sheria, historia. Katika miongo ya mwisho ya karne hiyo familia ilimpa kazi Cesare Vecellio, mchoraji aliyekuwa jamaa wa msanii mashuhuri Titian, na ambaye mwaka 1590 alichapisha huko Venezia kitabu mashuhuri cha picha za mavazi ya mataifa. Vecellio alichora kingo za vitabu zaidi ya 150 katika maktaba ile. Hakuficha kitu. Picha zake zimechorwa juu ya kurasa zilizobanwa na kufungwa sawasawa, zikimwonyesha mwandishi wa kitabu au jambo linalozungumzwa ndani yake, hata maandishi ya Mtakatifu Jerome yakachorewa mzee mwenyewe. Tuziangalie picha hizo kama alivyoziangalia mwenye maktaba. Mgongo uko ndani, hauna jina wala pambo. Ukingo uko nje, nao unamwambia mtu kabla hajanyoosha mkono kwamba huyu ni fulani na habari yake ni hii. Kwa hiyo ile picha ilikuwa pambo na ilikuwa pia anwani. Maktaba ya Pillone ilibaki pamoja kwa karne nyingi, ikanunuliwa katika karne ya 19 na Sir Thomas Brooke wa Uingereza, kisha ikafika mikononi mwa Pierre Berès, muuza vitabu wa Paris, na baada ya hapo ikatawanyika. Ni hasara kubwa, maana picha moja ya Vecellio ikiwa peke yake ni kitu kizuri, ila rafu nzima ndiyo iliyoonyesha zilikuwa za nini.

Msomaji mkali atasema kwamba maktaba moja ya tajiri mmoja haitoshi kuthibitisha desturi. Ni kweli kwamba hakuna maktaba nyingine ya wakati ule inayolingana na hiyo kwa ufundi wa picha. Lakini Vecellio alikuwa anafanya kwa brashi ya msanii jambo ambalo wengine walilifanya kwa kalamu ya kawaida. Vitabu vingi vya karne ya 15 na ya 16 vina jina la kitabu au la mwandishi lililoandikwa kwa wino juu ya ukingo. Nembo za koo zilichorwa hapo pia, na wajalidi waligonga nakshi kwa vyuma vya moto juu ya kingo zilizokwisha kupakwa dhahabu. Hapana mtu anayetumia dhahabu na moto kupamba upande ambao hautaonekana.

Hata nje ya Ulaya jambo hilo linajitetea. Vitabu vya Kiislamu kwa kawaida vililazwa kimoja juu ya kingine, havikusimamishwa. Kwa sababu hiyo jina la kitabu liliandikwa mara nyingi kwenye ukingo wa chini, ambao ndio ulioonekana kitabu kikiwa kimelala. Ukingo wa mbele, ule ule ambao Vecellio alipewa kuuchora, ulifunikwa na kipande cha jalada kinachokunjwa juu ya kurasa ili kuzilinda, na basi nakshi zikawekwa juu ya kipande hicho cha ngozi. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ilitoka katika utamaduni huo mpana wa vitabu: fahari yake imo ndani, katika fremu na mapambo ya rangi nyekundu, nyeusi na manjano yanayozunguka aya. Kutafuta picha za kingoni katika urithi wa pwani yetu kungekuwa kupoteza wakati, na si kwa sababu ya upungufu wowote wa ufundi. Kitabu kilikaa kwa namna nyingine, na pambo likaenda mahali pengine.

Kugeuzwa kwa kitabu hakukutokea siku moja. Vitabu vilivyochapishwa vilikuwa vyepesi kuliko miswada mizito ya ngozi, viliongezeka haraka, minyororo ikaachwa, na wenye maktaba wakaanza kugundua kwamba mgongo, tofauti na ukingo wa karatasi, unaweza kuandikwa jina kwa herufi za dhahabu zisizofutika. Huko Ufaransa, Jacques-Auguste de Thou, aliyefariki mwaka 1617, alikuwa miongoni mwa wakusanyaji waliovijalidi vitabu kwa mtindo mmoja na kuviacha migongo nje. Huko London, mwandishi wa shajara Samuel Pepys aliagiza mwaka 1665 kwamba vitabu vyake vijalidiwe upya ili vifanane vyote, na mwaka uliofuata akavitia dhahabu migongoni na kuanza kutengenezewa makabati ya vioo ambayo bado yako Magdalene College, Cambridge, yakiwa na vitabu vyake takriban 3,000. Katikati ya karne ya 17, basi, mtu wa mjini mwenye fedha alikuwa anautazama mgongo. Na ni katika miaka hiyo hiyo, nchini humo humo, ndipo tunapokutana na picha za kwanza zinazojulikana ambazo hazionekani kitabu kikiwa kimefungwa. Moja ni ya mwaka 1649. Nyingine, ambayo ndiyo ya kwanza kutiwa saini na tarehe, ni nembo ya ukoo iliyochorwa mwaka 1653 na ndugu wawili, Stephen na Thomas Lewis, kwenye Biblia iliyochapishwa mwaka 1651. Ni kitu kile kile kilichokuwa kikichorwa waziwazi juu ya kingo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kiko chini ya dhahabu.

Hapa inabidi kueleza namna kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi uliofuata inatokana nayo. Kurasa hulazwa mshazari, kila moja ikitokeza kidogo sana mbele ya iliyo chini yake, kisha hubanwa kwenye jiliwa zisirudi. Ule mtokezo mwembamba wa kila ukurasa, ukiunganishwa na wa mamia ya kurasa nyingine, hufanya uwanja mmoja wa kuchorea. Mchoraji hutumia rangi za maji na brashi iliyo karibu kuwa kavu, maana tone moja la ziada litazama ndani na kuchafua kurasa au kuzigandisha. Picha ikikauka jiliwa hufunguliwa, kurasa zikarudi sawa, na ukingo wenyewe hupakwa ute wa yai, ukatandazwa karatasi nyembamba kabisa ya dhahabu na kusuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ung'ae. Ni muhimu kulishika hili: picha haiko juu ya ukingo. Iko pembezoni mwa nyuso za kurasa, upana wa unywele kwa kila ukurasa, na dhahabu inafunika kitu kingine kabisa. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuchora picha mbili, moja inayoonekana kurasa zikilazwa upande huu na ya pili zikilazwa upande ule. Kwa sababu hiyo hiyo, kitabu kilichokwisha kupakwa dhahabu mwaka 1800 kinaweza kuchorwa picha mwaka 1930 bila dhahabu yake kuguswa.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni jepesi kulitaja. Ikiwa ukingo uligeuzwa ndani, kwa nini haukuachwa tu? Mgongo ulipopata dhahabu, ukingo ungeweza kustaafu. Wapo wanaojibu kwa kutazama siasa: mwaka 1649 ndio mwaka Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa, na kuficha nembo ya ukoo ndani ya Biblia kungefaa kuwa tahadhari ya watu wa mfalme. Dhana hiyo ni tamu, lakini haina ushahidi, na mtindo uliendelea kwa raha zote baada ya kiti cha enzi kurejeshwa mwaka 1660, pale Samuel Mearne alipokuwa mjalidi wa Charles wa Pili na kazi za aina hii zikatoka katika vyumba vya wajalidi wa London. Jibu lililo karibu zaidi ni kwamba ukingo haukuachwa kwa sababu uliendelea kuwa na mtazamaji, ila mtazamaji amebadilika. Zamani alikuwa mtu yeyote aliyeingia maktabani. Sasa ni yule tu ambaye mwenye kitabu amemkabidhi kitabu mkononi, au amekishika mbele yake na kuzilaza kurasa. Picha iliyofichwa inahitaji watu wawili, mmoja wa kuonyesha na mmoja wa kuonyeshwa. Dhahabu kwa upande wake ilikuwa na kazi yake ya kawaida, kuzuia vumbi na kupendeza. Nakiri kwamba kugeuzwa kwa kitabu hakuelezi kwa nini Waingereza ndio waliouendeleza ufundi huu, ilhali Wafaransa waliogeuza vitabu mapema hawakuushika kwa bidii ile. Pahala pa kitabu panafungua mlango. Nani ataingia ni suala la soko na wajalidi wa kila mji.

Soko hilo lilipata mtu wake huko Halifax, mji wa kaskazini mwa Uingereza, mbali na majumba ya mfalme. William Edwards alizaliwa katika miaka ya 1720, akawa mjalidi na muuza vitabu, na wanawe wakaifuata kazi ya baba. Wawili kati ya wanawe walifika London: James na John walifungua duka Pall Mall katika miaka ya 1780, na mwaka 1785 James alipata hataza ya namna ya kuifanya ngozi nyembamba ya jalada iwe angavu, ili picha ichorwe upande wa ndani na kuonekana kutoka nje bila kusuguliwa na mikono. Kumbuka hataza hiyo, maana inaonyesha akili ya familia nzima: waliona kwamba picha iliyofunikwa hudumu. Juu ya ngozi za ndama waliweka pia mtindo wao wa mapambo yaliyoigwa kutoka vyombo vya kale vya Ugiriki, na chini ya dhahabu ya kingo wakaleta kitu ambacho ndugu Lewis hawakukifikiria, yaani mandhari. Mwanzoni zilikuwa picha za rangi moja, ya kahawia au kijivu, kisha zikaja rangi kamili: abasia zilizobomoka, majumba ya mashambani pamoja na bustani zake, mito. Jumba lililochorwa lingeweza kuwa la mnunuzi mwenyewe. Malkia Charlotte, mke wa George wa Tatu, alijalidiwa na Edwards kitabu cha sala ambacho sasa kimo katika British Library. Wakati huo kitabu cha mashairi kilikuwa kimeshatoka chumba cha msomi na kuingia sebuleni, ambako wageni huketi kwa saa nyingi na wenyeji huhitaji kitu cha kuwaonyesha. Mandhari ya Edwards yaliundwa kwa ajili ya jioni za namna hiyo. Si ajabu basi kwamba wengine walimwiga upesi, wakiwemo Taylor na Hessey, wachapishaji wa London wanaojulikana zaidi kwa kumchapisha mshairi Keats.

Hadi hapa historia inakwenda vizuri, na hapo ndipo penye hatari. Vitabu vingi vyenye picha za namna hii vinavyoonekana leo katika maktaba na minada vina tarehe za kati ya mwaka 1780 na 1840, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba picha ni za umri ule ule. Carl J. Weber, profesa wa fasihi katika Colby College, jimbo la Maine, Marekani, alichapisha mwaka 1949 kitabu kikubwa cha kwanza kuhusu sanaa hii, akakusanya mifano zaidi ya 1,000. Mjukuu wake, Jeff Weber, muuza vitabu, alitoa mwaka 2010 kamusi ya wachoraji na wajalidi wa fani hii, na picha inayotokea humo ni tofauti: sehemu kubwa ya michoro hiyo ilifanywa katika karne ya 20 juu ya vitabu vya zamani. Wachoraji wengi hawakutia saini. Wametambuliwa kwa tabia za mikono yao, namna ya kuchora mawingu, au mapambo wanayoyarudia pembeni mwa picha, na wamepewa majina ya kubuni kufuatana na tabia hizo. Mmoja aliyetia saini ni Caroline Billin Currie, aliyefanya kazi mapema karne ya 20 kwa wajalidi Rivière kwa maagizo ya duka la vitabu la Sotheran la London. Bibi huyo alizipa picha zake namba pamoja na hati ya kuthibitisha kwamba ni zake, uungwana ambao wenzake wengi hawakuuona kuwa na faida.

Kwa nini hawakuuona? Kwa sababu mnunuzi alitaka ukale. Walikuwako wakusanyaji wenye fedha, hasa Marekani. Albert H. Wiggin, mkuu wa benki ya Chase, ndiye aliyeiachia maktaba ya umma ya Boston mkusanyo wake wa vitabu hivyo. Mkusanyo wa Ralph H. Wark, wenye vitabu zaidi ya 700, uko College of William & Mary, Virginia. Upande wa pili wa bahari kulikuwa na shehena za vitabu vya mashairi ya Cowper, Thomson na Scott, vilivyojalidiwa vizuri, vyenye dhahabu kingoni, na hakuna aliyevitaka. Muuzaji alihitaji mchoraji tu. Ndiyo maana mtu hukuta mandhari ya Boston au New York kwenye kitabu cha mahubiri kilichochapishwa London. Tarehe iliyo kwenye ukurasa wa mbele haithibitishi chochote kuhusu picha. Jengo au meli iliyotokea baada ya kitabu kuchapishwa huthibitisha kwamba picha ni ya baadaye. Lakini jengo la zamani halithibitishi kwamba ni ya zamani, maana mchoraji wa mwaka 1930 aliiga michoro ya mwaka 1830 iliyokuwa mbele yake.

Atakayesema kwamba basi tunazungumzia bidhaa bandia, na kwamba historia ya rafu imeishia katika ulaghai, anastahili jibu la nusu kwa nusu. Pale muuzaji aliposema picha ni ya Edwards huku akijua rangi imekauka juzi, huo ni ulaghai bila shaka. Mchoro wenyewe lakini hausemi uongo wowote. Kuongeza pambo kwa kitabu cha zamani ni jambo la kale kuliko Edwards. Vecellio mwenyewe alichora juu ya vitabu ambavyo baadhi vilikuwa vimechapishwa miongo mingi kabla hajashika brashi, na hakuna anayemwita mlaghai. Picha za karne ya 20 zinatupa ushahidi mwingine wa jambo lile lile. Mtazamaji wake ni mteja aliyesimama dukani, ambaye muuzaji anakishika kitabu mbele yake, anazilaza kurasa na kumwangalia usoni. Kwa mteja huyo picha haihitaji kuhusiana na kitabu. Vecellio alichora mwandishi, Edwards akachora nyumba ya mwenye kitabu, mchoraji wa duka akachora mji wa mteja.

Wanaoifanya kazi hii kwa mkono sasa ni wachache mno. Mwingereza Martin Frost, aliyechora kingo zaidi ya 3,000 katika maisha yake ya kazi, alipewa nishani ya MBE mwaka 2019, na shirika la Heritage Crafts limeiingiza fani hii katika orodha ya zile zilizo hatarini kabisa kutoweka Uingereza. Wakati huo huo kingo zenye rangi zimejaa madukani kuliko wakati wowote. Riwaya ya Fourth Wing ya Rebecca Yarros ilipotoka mwaka 2023, nakala zake za kwanza zilikuwa na kingo nyeusi zenye majoka, na wasomaji walizitafuta kwa ajili hiyo. Wachapishaji wengine wakafuata, na vitabu hivyo hupigwa picha mtandaoni vikiwa vimepangwa tena ukingo nje, mgongo ndani, kama vile Hereford. Wengine huuona huu kuwa ufufuo wa sanaa ya Edwards. Kwa ufundi wake uko karibu zaidi na Belluno. Rangi imewekwa na mashine juu ya ukingo wenyewe kurasa zikiwa zimebanwa pamoja, na ukizilaza mshazari, picha inavunjika.